Mlango wa Samawati

Ubao ni wa kabati lililokufa.
Nimeupiga msasa mpaka ukasahau vyombo.
Gathogo wa hoteli anataka ziwa,
"ziwa lenye heroe," akasema, "wengi, wekundu,
mteja akinywa supu ajue yuko Nakuru."
Akaacha elfu mbili ya rangi. Salio nikimaliza.

Naanza na mbingu, maana mbingu haigombani na mtu.
Nyeupe nyingi, samawati kiasi cha ukucha,
tone la manjano upande wa Mau, jua linakoshukia.
Akriliki haina subira,
hukauka chai ikiwa bado inachoma,
hasa Januari hii, upepo una ladha ya magadi.
Nimeazima chupa ya kunyunyizia maji saluni kwa Jerotich.
Nailowesha rangi kama nywele.

Kisha Eburu, kule nyuma.
Hapa ndipo vijana ninaowafundisha hukosea:
wanaupaka mlima kijani kwa kuwa wanajua una miti.
Nawaambia, usichore unachokijua, chora umbali.
Umbali una rangi yake, ya moshi wa kuni mbichi.
Kilima cha pili kiwe kizito kidogo, cha tatu zaidi,
na kila kimoja kingoje mwenzake akauke.
Nagusa kwa mgongo wa kidole.
Bado. Nangoja.

Kabla ya maji niliweka ardhi,
kwa sababu pale chini palikuwa na ardhi.
Mwariki, nyumba ya shangazi Nyaguthii:
mabati, mistari minne ya mahindi, kamba ya nguo,
sufuria ya mbwa iliyotoboka,
na mlango nilioupaka mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne
kwa masalio ya rangi ya ofisi ya chifu.
Nilichora hata kufuli. Siku mbili.
Jerotich akachungulia: "Mbona unamaliza rangi
kwa kitu utakachokifunika?"
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta rangi ya kutu.

Ziwa halikuja kwa kelele.
Lilikuja kama rangi iliyozimuliwa:
tabaka jembamba, tukalizoea,
tabaka jingine.
Shangazi alihamisha kuku kwanza,
kisha godoro, kisha mabati yenyewe.
Kaburi la mumewe akaliacha.

Nami nafanya hivyo hivyo.
Rangi kijiko kimoja, maji vijiko vitano,
burashi pana, mkono mwepesi, kushoto kwenda kulia.
Mahindi yalizama mapema.
Kamba ya nguo, sufuria.
Mabati yalishindana nami hadi tabaka la sita.
La nane, ukabaki mlango peke yake,
mstatili mdogo, samawati ndani ya kijivu.
Nikaiweka burashi chini.

Migunga iliyofia majini niliikwaruza mwisho,
kwa ukingo wa kadi ya simu, nyeupe tupu,
matawi yasiyo na kazi ila kubeba mnandi mmoja
anayekausha mbawa.

Gathogo alikuja Jumamosi. Ukucha wake ukatua pale pale.
"Hii ni nini?"
"Kivuli cha wingu."
Akainua macho kwenye mbingu yangu.
Hapakuwa na wingu hata moja.
Akakohoa. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.
"Na heroe?"
"Wamehamia Bogoria."
"Basi wachore wakirudi."

Nikachora saba, mbali, kila mmoja ncha ya kijiti cha meno.
Alitaka ishirini. Tukapatana tisa.

Niliosha burashi kwenye mkebe wa Kimbo,
maji yakageuka rangi ile ile ya ziwa,
nikayamwaga uani, vumbi likayanywa.

Picha inaning'inia juu ya kaunta, kando ya kalenda.
Nimemwambia shangazi mara tatu aende akaione.
Haendi.
Supu ya pale, anasema, ina chumvi nyingi.